Muulize Fundi: Ukurasa mmoja, kweri 1,201

Mwezi huu sanduku langu limejaa ugomvi mmoja. Barua nyingi zinauliza jambo lilelile kwa sura mbalimbali: programu iongee na kanzidata (ghala la data) kwa SQL, lugha ya kuiuliza na kuiamuru kanzidata, iliyoandikwa kwa mkono, au tuiachie ORM, ile maktaba inayogeuza mistari ya jedwali kuwa obijekti na kukuandikia SQL kimyakimya? Barua ya kwanza ndiyo nzito, nimeijibu kwa kirefu. Nyingine nimezipunguza ili zitoshe.

*

"Shikamoo Fundi. Tuko watano, tunatengeneza mfumo wa kuazimisha vitabu kwa kutumia Django, ile fremu ya Python ya kutengenezea tovuti, yenye ORM yake. Ukurasa unaoorodhesha vitabu ambavyo havijarudi unachukua karibu sekunde 40 kufunguka. Mkuu wetu mpya anasema ORM ndiyo mchawi, tuing'oe yote tuandike SQL. Mwenzetu mwingine ameapa kwamba siku SQL ikiingia kwenye msimbo, yeye anatoka. Sasa wanapitana mlangoni bila salamu, na mimi niliye mdogo kuliko wote nimeambiwa nitoe kauli. Nisimame upande gani?" (Niliyebanwa Katikati)

Marahaba, mdogo wangu. Kabla hujasimama popote, hesabu. Ndiyo maana nilipopata barua yako nilikuomba vitu viwili: msimbo unaotengeneza ukurasa ule, na logi, yaani kumbukumbu iliyoandikwa, ya kweri zote zinazotoka ukurasa ukifunguliwa mara moja. (Kweri, kwa asiyelijua neno, ni swali ambalo programu inaipelekea kanzidata.) Msimbo ulioniletea ni huu:

```
for a in Azimo.objects.filter(kimerudi=False):
    orodha.append((a.mwanachama.jina, a.kitabu.jina))
```

Mistari miwili misafi. Hata mimi ningeipitisha nikiwa nimechoka. Logi ndiyo iliyonikalisha kitako. Kweri ya kwanza inaleta maazimo 600. Halafu kwa kila azimo inatoka kweri ya kumtafuta mwanachama, na nyingine ya kukitafuta kitabu. 600 na 600, ongeza ile ya kwanza, unapata 1,201. Kanzidata yenu iko kwenye seva nyingine, na kwenda na kurudi ni milisekunde 30 hivi. Zidisha mwenyewe: sekunde 36. Kanzidata haikutoka hata jasho. Muda wote umeliwa na njia. Mlikuwa mnakwenda kisimani na kikombe mara 1,201, na ndoo iko hapo mlangoni.

Ugonjwa huu una jina, N+1 (kweri 1 ya orodha, kisha nyingine kwa kila mstari kati ya mistari N), na kila aliyewahi kutumia ORM ameugua. Itazame ile nukta kati ya `a` na `mwanachama`. Kwa macho ni kama unasoma kitu ambacho tayari kiko kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kumbe nukta ile ni safari ya mtandao. Hapo ndipo ninapoilaumu ORM. SQL iliyoiandika haikuwa mbaya, kila kweri peke yake ilikuwa nyepesi na ilipitia ufunguo wa msingi, ile namba inayoutambulisha kila mstari. Kosa lake ni kuificha gharama mahali ambapo jicho halina sababu ya kutazama. Dawa yake ni hii:

```
Azimo.objects.filter(kimerudi=False).select_related("mwanachama", "kitabu")
```

Kwa nyongeza hiyo majedwali matatu yanaunganishwa katika kweri moja. Uliniandikia kesho yake kwamba ukurasa unafunguka kabla hujaondoa kidole kwenye kipanya. Nimefurahi, ila usiende kumtambia mkuu wako, kwa sababu ana hoja yake na nitaifikia. Wala usidhani SQL ya mkono ingewaokoa yenyewe tu. Nimewahi kukagua mradi usio na ORM kabisa, wenyewe wakijivunia hilo, na ndani yake kulikuwa na SELECT, amri ya SQL ya kusoma data, iliyowekwa katikati ya kitanzi, msimbo unaojirudia. Kweri zilikuwa maelfu vilevile, tofauti ni kwamba hizi ziliandikwa kwa mkono.

Ugomvi wenyewe ni wa zamani. Edgar Codd wa IBM alichapisha nadharia ya data ya uhusiano mwaka 1970, na mwaka 1974 wenzake Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakaipatia lugha, ndiyo hii SQL. Lugha hiyo inauliza kwa mkupuo: nipe wote wenye sifa fulani. Obijekti zinataka kushikwa moja moja, huyu, kisha rafiki yake, kisha kitabu cha rafiki yake. Hazikuzaliwa nyumba moja, na ORM ndiye mkalimani. Gavin King alianza Hibernate, ORM ya lugha ya Java, mwaka 2001, Rails ya lugha ya Ruby ikaja na yake 2004, Django 2005, na ilipofika 2006 mwandishi wa programu Ted Neward alikuwa ameshaufananisha ukalimani huu na vita vya Vietnam: unaingia kwa furaha, kutoka ndiyo kazi. Kwa hiyo mkuu wako hakuzua jambo.

Isitoshe, miaka kadhaa iliyopita mimi ndiye nilikuwa mkuu wako. Niliingia kwenye mradi, nikakuta ORM imetapakaa kila kona, nikaamuru ing'olewe. Miezi mitatu ya mwanzo ilikuwa asali. Kila kweri tuliiona kwa macho, kila polepole ilikuwa na anwani. Kisha ukaja ukurasa wa kutafuta wenye vichujio saba, na mtumiaji anaweza kuvijaza vyote au asijaze hata kimoja. Tukaanza kushona SQL kwa viraka: ameweka jina, bandika kiraka hiki, ameweka tarehe, bandika kile. Ili tusiumie kichwa kuhusu kiraka kipi kianze na WHERE (neno linalofungua masharti) na kipi na AND, tuliandika `WHERE 1=1`, sharti ambalo ni kweli daima, halafu viraka vyote vikaanza na AND. Ukiikuta `WHERE 1=1` mahali, jua kuna mtu alipita hapo usiku.

Ikaongezwa safu (kolamu) moja kwenye jedwali la wateja. Tulibadilisha kweri 43; nilizihesabu kwa hasira. Nikaandika fanksheni ya kugeuza mstari kuwa obijekti ili nisirudie tena. Wiki iliyofuata nikaandika nyingine ya kuhifadhi safu zilizobadilika tu. Halafu ya kufuata uhusiano kutoka jedwali moja hadi jingine. Kijana mmoja mgeni kazini akalisoma folda lile lote, akaja akaniuliza kwa adabu kabisa: "Samahani Fundi, hii si ORM?" Ilikuwa ORM. Haina maelezo, haina majaribio ya maana, na mtu pekee aliyeielewa alikuwa anakwenda likizo Jumatatu.

Tangu hapo nina mpaka wangu, nakupa kama ulivyo. Kuandika data kunapitia ORM: kusajili, kuhariri, kufuta. Inajua uhusiano, inazuia aina mbaya za data, na umbo la jedwali likibadilika inatunza historia yake kwenye faili zinazofuatana kwa namba. Hilo la mwisho peke yake linatosha kunifanya niibakize. Orodha za kawaida kama ile yenu pia zinapitia ORM. Ripoti zinapitia SQL.

Na kipimo changu cha ripoti si wingi wa majedwali. Nikijikuta tayari nimeshaiona SQL kichwani, halafu nakaa nusu saa naibembeleza ORM itoe SQL ileile, naacha kubembeleza. Chukua ombi hili: kwa kila mwanachama, nipe azimo lake la mwisho. Kwa SQL ni hivi:

```
SELECT mwanachama_id, kitabu_id, tarehe
FROM (
  SELECT mwanachama_id, kitabu_id, tarehe,
         ROW_NUMBER() OVER (
           PARTITION BY mwanachama_id
           ORDER BY tarehe DESC) AS namba
  FROM azimo
) AS t
WHERE namba = 1;
```

Isome kutoka ndani kwenda nje. Yagawe maazimo kwa mwanachama, yapange kila fungu kwa tarehe kuanzia jipya, yape namba, kisha chukua namba 1. Haya yamo kwenye kiwango rasmi cha SQL tangu 2003. Django nayo inaweza kuyaandika, na tangu toleo la 4.2 la mwaka 2023 inakubali hata kuchuja kwa matokeo yake. Lakini jaribu, kisha mpe mwenzako asome vyote viwili, umwone anakunja uso kwenye kipi.

SQL ya namna hiyo isinyunyizwe kwenye msimbo kama chumvi. Iwe na folda lake, kila kweri faili yake yenye jina linalosema inachofanya, na fanksheni moja tu ndiyo inayoiita. Safu ikibadilika, unajua pa kwenda.

Kuna mtego mmoja mtu akichanganya hivi viwili, na mkuu wako auangalie. Ukisoma kitabu kwa ORM, ukaenda pembeni ukakibadilisha kwa UPDATE ya mkono, ile obijekti uliyoishika haina habari. Ukiiita `save()` Django inaandika safu zote, pamoja na thamani ya zamani, na UPDATE yako imefutwa bila hata kosa moja kuonekana kwenye logi. Isome upya kwa `refresh_from_db()`, au taja safu unazohifadhi kwa `update_fields`. Mimi nilijua hili baada ya siku mbili za kumshuku mtu asiye na hatia.

Mwenzako aliyeapa naye ana kazi ya kufanya. Akae jioni moja na EXPLAIN ANALYZE, amri ya kanzidata ya PostgreSQL inayoonyesha kweri imetekelezwaje na kwa muda gani. Aangalie panapoandikwa `Seq Scan`, yaani jedwali limesomwa lote mstari kwa mstari, kwenye jedwali kubwa wakati anatafuta mistari michache tu. Mara nyingi hapo panakosekana faharasa (index, orodha ya kutafutia haraka), na faharasa isipokuwepo kweri ni nzito, awe ameiandika mtu au mashine.

Wakishindwa kabisa kusalimiana, wape ukurasa mmoja. Mkuu auandike kwa SQL, mwenzako kwa ORM, ninyi watatu mpime muda na kuhesabu kweri. Hakikisheni data ni ya ukubwa wa kweli. Kwenye mistari 20 ya majaribio kila mtu ni bingwa.

*

"Fundi, habari za kazi. Mfumo wetu una kitabu chenye nakala 1. Wanachama wawili wamebofya 'azima' kwa pamoja, wote wamepewa. Hesabu inasema nakala zimebaki 0, sahihi kabisa, lakini nakala iliyoahidiwa watu wawili ni ileile moja! Tunatumia ORM na kila kitu kimeandikwa kwa mpangilio." (Hesabu Inanidanganya)

Salama, ndugu yangu. Hukuniletea msimbo, lakini nitaubashiri: unakisoma kitabu, unaangalia kama nakala ni zaidi ya 0, unapunguza 1, unaita `save()`. Nimekosea?

Fuata saa. Ombi la kwanza linasoma nakala: 1. Kabla halijahifadhi, ombi la pili nalo linasoma: 1. La kwanza linatoa moja kichwani mwake, linaandika 0. La pili linatoa moja kutoka kwenye ile 1 yake ya zamani, linaandika 0. Wote wawili ni wakweli. Kutoa kulifanyika ndani ya programu mara mbili, na kanzidata, ambayo ndiyo pekee ingewapanga foleni, ililetewa majibu tu.

Mwachie mwenye hesabu ahesabu:

```
UPDATE kitabu SET nakala = nakala - 1
WHERE id = %s AND nakala > 0;
```

Kisha uliza ni mistari mingapi imebadilika. Ikiwa 1, mpe kitabu. Ikiwa 0, mwombe radhi. Wa pili atasubiri kidogo hadi wa kwanza amalize muamala wake (kundi la amri zinazokubaliwa zote au kukataliwa zote), halafu sharti la `nakala > 0` litamkatalia.

Usikimbilie kudhani nimekwambia uiache ORM. Django inaitoa SQL hiyohiyo:

```
Kitabu.objects.filter(id=n, nakala__gt=0).update(nakala=F("nakala") - 1)
```

Ile `F` inasema "safu yenyewe, ilivyo sasa hivi kule", na jibu linalorudi ni idadi ya mistari iliyobadilika. Lakini sijawahi kukutana na mtu aliyeifikia `F` bila kwanza kuwaza kwa UPDATE. Kama kabla ya kupunguza kuna ukaguzi mrefu, labda deni la mwanachama au idadi ya vitabu alivyonavyo, tumia `select_for_update()` ndani ya muamala: mstari unafungwa hadi umalize. Usimtumie mtu barua pepe ukiwa umeushika mstari huo. Foleni itafika nje.

Na hakikisha jedwali lenyewe lina sharti la CHECK kwamba nakala haishuki chini ya 0. Kwa kosa hili la leo lisingekusaidia, maana hesabu haikushuka. Litakusaidia siku mtu mwingine atakapoandika UPDATE kwa haraka akasahau lile sharti.

*

"Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi. Nianze na SQL au ORM? Rafiki zangu wanasema SQL ni ya wazee." (Mgeni wa Fani)

Marahaba. Mimi ni mzee, kwa hiyo pima mwenyewe neno langu: SQL. Wiki mbili, SQLite (kanzidata ndogo inayokaa kwenye faili moja) na dirisha jeusi la amri, bila programu yoyote juu yake. Jua kuunganisha majedwali, GROUP BY, tofauti ya WHERE na HAVING, na kwa nini NULL si sawa na NULL. Baada ya hapo ORM utaishika kwa siku tatu.

Nimeshatumia ORM nne, na kila nilipohama nilijifunza upya namna ya kusema "wateja wasio na oda". SELECT nilizoandika nikianza kazi bado zinafanya kazi hadi leo. Lugha yenyewe iliitwa SEQUEL mwanzoni, ikabadilishwa jina kwa sababu kampuni moja ya Uingereza ya kutengeneza ndege ilikuwa na alama ya biashara ya neno hilo. Ikawa kiwango cha ANSI, taasisi ya viwango ya Marekani, mwaka 1986. Wazee kweli, lakini ndio wenye nyumba.

*

"Fundi, kiongozi wetu amepiga marufuku SQL ya mkono kwa sababu ya wadukuzi kupenyeza amri kwenye kweri. Ni kweli ORM inazuia?" (Mlinzi wa Zamu)

Inazuia pale unapoitumia kawaida, kwa sababu inatenganisha amri na thamani. Na SQL ya mkono inatenganisha vilevile ukitaka:

```
cur.execute("SELECT id FROM mwanachama WHERE jina = %s", (jina,))
```

Hatari inaingia pale unapoondoa ile `%s`, nafasi iliyowekewa thamani, na kulibandika jina ndani ya maandishi kwa mkono wako. Na ORM nyingi zina mlango wa nyuma wa kuingizia SQL ghafi. Ukibandika maandishi hapo umerudi kulekule, safari hii ukiwa na imani kwamba uko salama.

Kuna kona moja ambayo hata wazoefu huanguka. Vigezo vya `%s` ni vya thamani tu. Jina la jedwali, au safu ya kupangia kwenye ORDER BY, halipiti hapo. Mtumiaji anabofya kichwa cha safu ili apange orodha, programu inachukua neno kutoka kwenye anwani ya ukurasa na kulibandika moja kwa moja. Weka orodha ya safu zinazoruhusiwa, neno lisilomo likataliwe. Marufuku ya kiongozi wenu ningeibadilisha iwe marufuku ya kubandika maandishi, ihusu ORM na SQL sawasawa.

*

"Tunatumia ORM ili siku tukitaka kubadilisha kanzidata tubadilishe mstari mmoja tu. Unasemaje?" (Mwenye Kuona Mbali)

Nimebadilisha aina ya kanzidata mara moja tu, katika miaka yote hii, kutoka MySQL kwenda PostgreSQL. Mstari mmoja ulibadilika kweli, na majedwali yakajiumba upya bila shida. Tukalala.

Asubuhi watu wakaanza kupiga simu kwamba hawawezi kuingia kwenye akaunti zao. Si wote, baadhi. Ilituchukua hadi mchana kuona wanachofanana: walijisajili kwa barua pepe yenye herufi kubwa mwanzoni, jinsi simu inavyopenda kuandika, na sasa walikuwa wanaingia kwa herufi ndogo. MySQL kwa mpangilio wake wa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo inapolinganisha maandishi. PostgreSQL inatofautisha. ORM ilituma ulinganisho uleule kwa kanzidata zote mbili, haikusema neno. Jioni tulizigeuza barua pepe zote kuwa herufi ndogo kwa UPDATE moja ya mkono, baada ya kwanza kuwatafuta waliokuwa na akaunti mbili. Walikuwa tisa.